Bustani ya Jamii katika Ukanda wa Dhahabu: Mambo Yanayotangulia Jembe

Bustani ya jamii ni kipande cha ardhi kinacholimwa na watu wa kaya mbalimbali kwa kujitolea, chini ya kanuni walizojiwekea wenyewe, ili mavuno yawalishe wao pamoja na wahitaji waliowachagua, na ziada iuzwe kwa manufaa ya kikundi. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita kazi hiyo ina umuhimu wa pekee, kwa sababu machimbo, kuanzia migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu hadi maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mwakitolyo, yamekusanya watu wengi ambao hununua karibu kila wanachokula, ilhali mboga za majani huadimika na kupanda bei kiangazi kinapoingia. Hata hivyo, machimbo hayohayo yanayoleta wanunuzi huleta pia udongo uliochafuliwa na wanachama wanaohamahama, na kwa upande wa Shinyanga uhaba wa maji huongeza ugumu. Kwa hiyo, yeyote anayekusudia kuanzisha bustani ya namna hii anapaswa kukamilisha mambo matatu kabla ya jembe kugusa ardhi, nayo ni makubaliano ya watu, uhakika wa usafi wa ardhi na hesabu ya maji.

Funzo la ngitili na funzo la shamba la kijiji

Wakazi wa Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Shinyanga imo, hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mali ya pamoja iliyodumu. Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua, ili nyasi na miti ikue na mifugo ipate chakula kiangazi kinapokolea. Desturi hiyo ilidhoofika baada ya misitu mingi ya Shinyanga kufyekwa katika karne ya 20, kwanza kwa ajili ya kuangamiza mbung'o na baadaye kwa kupanua mashamba ya pamba na chakula, hata sehemu kubwa ya mkoa ikabaki wazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana zaidi kama HASHI, ambao mwanzoni uliweka nguvu katika vitalu vya miche, lakini ulipata mafanikio makubwa pale ulipoirudia ngitili yenyewe na kuziachia kaya na vijiji zimiliki maeneo na kuyalinda kwa sheria zao. Ngitili zilizokuwa takriban hekta 600 mwaka huo zilizidi hekta 300,000 mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, na ulinzi wake ulitegemea sana mikutano ya kimila iitwayo dagashida, ambamo jamii hupanga kanuni na kuwaadhibu wanaozivunja.

Nchi hii ina funzo la upande wa pili pia, nalo ni shamba la kijiji la enzi za ujamaa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 vijiji vingi vilianzisha mashamba ya pamoja, na mengi yalizorota kwa sababu mtu aliyelima siku nzima na aliyefika kujiandikisha tu hawakutofautishwa vya kutosha wakati wa mgao, hivyo kila kaya ikapeleka nguvu zake kwenye shamba lake. Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza malisho, misitu na mifereji ya pamoja katika nchi nyingi na kuona kwamba iliyodumu ilikuwa na mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na watumiaji wenyewe, wasimamizi wanaowajibika kwao, na adhabu zinazoanza ndogo na kukua kadiri kosa linavyorudiwa. Mambo hayo hayana ugeni kwa mzee wa Kisukuma aliyewahi kukaa katika dagashida.

Kutokana na mafunzo hayo mawili, mpango unaofaa zaidi ni wa mseto, ambao ardhi, uzio, kisima na kitalu huwa mali ya wote, lakini kila mwanachama hupewa tuta lake, alihudumie na kuvuna mwenyewe, huku matuta machache yakiachwa kuwa ya kikundi kwa ajili ya mfuko na wahitaji. Anayezembea huona hasara kwenye tuta lake mwenyewe, na jirani yake hana sababu ya kulalamika kwamba anambeba.

Watu kwanza, na kwa wakati wao

Kikundi cha kuanzia kinatosha kikiwa na watu 20 hadi 30, kwa kuwa wengi zaidi ya hapo huwa vigumu kuwasimamia kabla uzoefu haujapatikana. Ni vizuri wanachama wachanganyike kwa makusudi: wakulima wanaoijua ardhi, mama lishe wanaojua mboga gani hununuliwa na wachimbaji na kwa bei gani, vijana wenye nguvu za kuchimba, na wazee ambao neno lao husikilizwa magomvi yakizuka. Wachimbaji wadogo wasiachwe nje, lakini uongozi wote usiwekwe mikononi mwao, kwa sababu ikitokea rashi, yaani habari za dhahabu mpya zinazowavuta watu kwa wingi kwenda eneo jingine, mwenyekiti, katibu na mtunza hazina wanaweza kuondoka kwa wiki moja. Kanuni ieleze mapema kwamba mwanachama anayesafiri humkabidhi mtu tuta lake kwa kumjulisha katibu, na kwamba tuta lililokaa bila huduma kwa wiki mbili bila taarifa hupewa anayefuata katika orodha ya wanaosubiri.

Kalenda ya kujitolea nayo inahitaji uangalifu, kwa maana bustani nyingi hufa kwa kuanzishwa wakati mbaya. Mvua za Shinyanga, ambazo kwa kawaida ni milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukoma Aprili au Mei, na katika miezi hiyo kila kaya ina mahindi, pamba au mpunga wake. Mtu anayeitwa kwenye bustani ya jamii mwezi Desemba anaombwa kuacha chakula chake cha mwaka. Mpangilio unaolingana na maisha ya wakulima ni kufanya mikutano ya makubaliano Februari na Machi, kujenga uzio na kurundika mboji Aprili na Mei, kisha kusia mbegu za kwanza Juni, mpunga ukiwa umevunwa na mikono ikiwa na nafasi. Msimu huo wa kwanza hufungwa Oktoba kwa mkutano wa tathmini, kabla watu hawajatawanyika tena mashambani. Geita hupata mvua nyingi zaidi, na tarehe zaweza kusogezwa, ila kanuni ya kutoshindana na shamba la kaya haibadiliki.

Usukuma una utamaduni wa kufanya kazi kwa makundi, ambao bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe, ni kielelezo chake kinachojulikana sana, na siku za kazi nzito kama kuchimba mashimo ya uzio zinaweza kupangwa kwa mtindo huo, kwa chakula cha pamoja na ngoma. Siku hizo ziwe chache na zijulikane mapema, kwani shughuli ya kila siku ni ya mwenye tuta.

Ardhi: nani mwenye haki nayo, na ilitumikaje

Swali la haki lina pande mbili. Kwa upande wa kwanza, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwa hiyo kikundi kinapaswa kuomba kwa maandishi kwa mtendaji wa kijiji, ombi lijadiliwe na halmashauri, lifikishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na uamuzi uandikwe katika muhtasari ambao kikundi kitabaki na nakala yake. Mjini Geita, Kahama au Shinyanga, ambako ardhi ya kijiji haipo, njia nyepesi ni kukubaliana na shule, zahanati, kanisa au msikiti wenye eneo lisilotumika, kwa mkataba wa maandishi usiopungua miaka 3, kwa sababu mboji na uzio ni gharama zinazorudi polepole. Kwa upande wa pili, katika ukanda wa madini eneo lenye mwenyewe juu laweza kuwa chini ya leseni ya uchimbaji ya mtu mwingine, na ni busara kuulizia ofisi ya Afisa Madini Mkazi kabla ya kuchimba kisima. Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, hata kama ardhi hiyo ndiyo yenye rutuba kuliko zote.

Swali la historia ya ardhi ndilo linaloitofautisha bustani ya Geita na bustani ya Lushoto au Njombe. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye makarasha, huosha unga wake kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea zenye maji na mbao za mteremko, kisha huchanganya zebaki ili inase dhahabu, na mwisho huchoma mchanganyiko huo zebaki ipae kama mvuke. Mvuke huo hushuka juu ya udongo na majani ya jirani, na zebaki nyingine hubaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao mara nyingi hupelekwa kwenye plenti za uchenjuaji ili dhahabu iliyosalia iyeyushwe kwa sayanidi. Sayanidi huvunjikavunjika kwa jua na hewa baada ya muda, lakini zebaki, risasi na aseniki ni elementi zisizooza, hivyo hubaki ardhini miaka na miaka. Aseniki, ambayo ni sumu isiyo na rangi wala harufu ndani ya maji, hupatikana pia kiasili katika miamba yenye dhahabu, na ndiyo sababu kisima kilicho mbali na mwalo kinaweza bado kuwa na maji mabaya. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 kwa lita kwa maji ya kunywa.

Kwa msingi huo, wanakikundi wakutane na wazee na wachimbaji wa zamani wa mahali hapo, watembee nao eneo zima, na kuuliza maswali yaliyo wazi: je, paliwahi kuwa na mwalo, karasha au plenti, dhahabu ilichomwa wapi, marudio yalimwagwa wapi, na maji ya mvua hutiririka kutoka upande gani? Rundo la mchanga mwembamba wa kijivu au mwekundu ambao hata magugu yanasita kuota juu yake ni dalili ya marudio, na eneo lililo chini yake kwenye mteremko lisichaguliwe. Mashimo ya machimbo yaliyoachwa na kujaa maji huvutia kiangazi, lakini yasitumiwe kumwagilia, kwa kuwa yanaweza kuwa na kemikali, huzamisha watoto na huzalisha mbu. Mapipa yaliyobeba kemikali na magunia yaliyobeba marudio yasiingie bustanini kwa kazi yoyote, hata yakioshwa.

Kipimo cha maabara huja baada ya mazungumzo hayo. Wengi hawatambui kwamba kipimo cha kawaida cha udongo, kinachofanywa kwa ajili ya kujua rutuba, hakionyeshi metali zenye sumu. Ni lazima kipimo cha zebaki, aseniki na risasi kiombwe kwa kutajwa. Afisa kilimo wa kata anaweza kuelekeza namna ya kuchukua sampuli, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Pale ambapo historia ina shaka na kipimo hakijapatikana, uamuzi salama ni kutafuta eneo jingine. Kuleta udongo safi na kuujaza kwenye magunia au matuta ya kuinua husaidia dhidi ya uchafu wa chini, lakini hakuwezi kuzikinga mboga na vumbi la karasha au mvuke wa zebaki unaotoka jirani.

Udongo na hesabu ya maji

Wasukuma wana majina ya udongo wao, na majina hayo ni mwongozo wa kuaminika. Luseni ni udongo wa kichanga wa sehemu za juu, rahisi kulima lakini usioshika maji wala mbolea kwa muda mrefu, hivyo hudai mboji na samadi nyingi. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, wenye rutuba, ambao hunata wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Unafaa bustani ya kiangazi yenye matuta yaliyoinuliwa. Itogolo na ibambasi ni udongo wenye tabaka gumu chini, ambapo ibambasi huwa na chumvi inayozuia mizizi, na bustani changa haipaswi kuanza hapo. Asiyejua aina ya udongo anaweza kuchimba shimo la kina cha sentimita 30, kulijaza maji, kuyaacha yanywee, kisha kulijaza tena na kuangalia: maji yakitoweka kwa dakika chache udongo ni wa kichanga mno, na yakibaki hadi kesho yake kuna tabaka gumu au mfinyanzi mzito.

Hesabu ya maji ifanywe kwa ndoo. Mboga za majani wakati wa kiangazi huhitaji takriban lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na kwa hiyo tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 linahitaji lita 40 hadi 50, yaani ndoo 2 hadi 2 na nusu za lita 20. Matuta 30 yatahitaji ndoo 60 hadi 75 kila siku, na kama kisima hakiwezi kutoa kiasi hicho mwezi wa Septemba, idadi ya matuta ipunguzwe kwenye karatasi kabla mchicha haujaipunguza wenyewe. Paa la bati la mita za mraba 100 katika eneo lenye mvua ya milimita 700 laweza kukusanya lita 56,000 kwa mwaka, tukichukulia kwamba sehemu ya tano hupotea; kiasi hicho, hata kikihifadhiwa chote, kitatosheleza matuta hayo 30 kwa siku 37 hadi 46 tu, na kwa hiyo maji ya paa hufaa zaidi kwa kitalu kuliko kwa bustani nzima. Matandazo, yaani nyasi kavu, mabua au maganda ya mpunga yanayotandazwa juu ya udongo, hupunguza sana maji yanayopotea kwa jua, na umwagiliaji ufanywe asubuhi na mapema au jioni.

Kuichora bustani

Robo ekari, yaani takriban mita za mraba 1,000, inatosha matuta 30 pamoja na njia, kitalu na sehemu ya mboji. Upana wa mita 1 huwezesha mtu kufikia katikati ya tuta kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga, na njia za sentimita 50 hutosha mwenye ndoo, ilhali njia kuu inahitaji mita 1 na nusu ili toroli ipite. Kwenye luseni matuta yazamishwe kidogo chini ya usawa wa njia ili yashike maji. Kwenye mbuga yainuliwe ili yasituame. Kisima au tangi liwe karibu na katikati, kwa sababu matuta ya pembezoni yaliyo mbali na maji ndiyo hutelekezwa kwanza, na kura ipigwe ili kila mtu apate tuta kwa bahati, bila upendeleo.

Katika mikoa yenye ng'ombe na mbuzi wengi, bustani isiyo na uzio ni malisho. Minyaa, mmea wa utomvu unaotumika Usukuma kote kama ua, huota kwa vipandikizi na haugharimu fedha, ila huchukua muda kuziba na utomvu wake hudhuru macho; kwa hiyo upandwe mvua zingali zinanyesha, na katika msimu wa kwanza miiba ikatwe na kusokotwa kati yake. Mbolea nayo hutolewa na wanyama haohao: samadi iliyokaa na kuoza vizuri, si mbichi, ichanganywe na mabaki ya mimea katika marundo yanayogeuzwa kila wiki mbili au tatu, hadi baada ya miezi 2 au 3 iwe mboji nyeusi isiyo na harufu mbaya.

Mazao ya mwanzo yawe yale yanayolipa haraka, kwa kuwa mavuno ya mapema huwafanya wanaojitolea waendelee kuja. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, mgagani na chainizi hufuata muda mfupi baadaye, na matembele, majani ya kunde, bamia na nyanya chungu huvunwa mara nyingi kutoka mmea uleule. Kila mwanachama asie nusu ya tuta, kisha nusu nyingine baada ya wiki mbili, ili mboga zisikomae zote siku moja na kuharibu bei. Nyanya zisubiri msimu wa pili, kwani kantangaze, mdudu aliyeingia nchini muongo uliopita na anayetoboa majani na matunda ya nyanya, huwakatisha tamaa wasio na uzoefu na kuwasukuma kwenye viuatilifu vingi. Zikipandwa, zisirudiwe kwenye tuta lilelile mfululizo. Ziada ya majani ya kunde inaweza kukaushwa kuwa nsansa, mboga kavu inayojulikana sana Usukuma, na ikauzwa wakati mbichi zimeadimika.

Daftari, fedha na wafadhili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kiwe na daftari tatu: ya mahudhurio na zamu, ya mavuno ya matuta ya kikundi, na ya fedha, na hii ya mwisho isomwe mbele ya wanachama kila mwezi. Adhabu zianze kwa onyo, zifuatiwe na faini ndogo, na kunyang'anywa tuta kuwe hatua ya mwisho inayoamuliwa na mkutano wa wanachama wote. Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kikisajiliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii hufungua mlango wa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika halmashauri zenye migodi mikubwa kuna pia mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii, ambao kwa mujibu wa Sheria ya Madini mgodi huuandaa kila mwaka kwa kukubaliana na halmashauri; kikundi kinachotaka tangi au pampu kipitishe ombi lake kwenye mkutano wa kijiji na mpango wa kata ili lifike huko kama hitaji la wananchi. Msaada huo uombwe baada ya msimu mmoja wa kazi, kwa sababu pampu inayofika kabla ya makubaliano huzua ugomvi wa nani aiweke nyumbani kwake.

Wakazi wa Shinyanga na Geita wanaotaka kuanza wasisubiri mradi wa kutoka nje. Waitishe mkutano mmoja, watembee eneo pamoja na wazee wanaolijua, wahesabu ndoo za kisima chao na waandike kanuni za ukurasa mmoja. Wakikubaliana juu ya hayo, waanze na matuta ambayo wana hakika ya kuyamwagilia hadi Oktoba, hata yakiwa 10 tu, na mengine yafuate msimu ujao.